Maswali ya Wasomaji: Mtaala wa Usanifu wa Violesura Uanzie kwa Mtumiaji

Safu ya mwezi huu tumeitenga kwa barua zinazohusu jambo moja, nalo ni namna vyuo vikuu vyetu vinavyoweza kufundisha usanifu wa violesura na uzoefu wa mtumiaji, yaani taaluma inayohakikisha kwamba mtu aliyeshika simu, aliyekaa mbele ya kompyuta au aliyesimama mbele ya mita ya umeme anaelewa afanye nini, anafanikiwa kukifanya, na haondoki akijiona mjinga. Barua zimefupishwa, na majina ya walioziandika pamoja na ya vyuo vyao yameachwa.

SWALI: Idara yetu ya sayansi ya kompyuta imeagizwa kuandaa mtaala wa shahada ya kwanza ya miaka mitatu katika usanifu wa violesura na uzoefu wa mtumiaji. Rasimu tuliyo nayo imechukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka chuo kimoja cha ng'ambo. Mwaka wa kwanza una nadharia ya rangi, historia ya usanifu na kozi tatu za programu za kuchorea; mwaka wa pili una saikolojia na uandishi wa programu; utafiti wa watumiaji unajitokeza kwa mara ya kwanza katika muhula wa tano. Wenzangu wanaiona rasimu imekamilika. Mimi nina wasiwasi nayo, lakini nashindwa kuueleza. Tuanzie wapi?
*Mhadhiri, Dodoma*

JIBU: Mwalimu, wasiwasi wako una msingi, na msingi wenyewe uko katika huo muhula wa tano. Mwanafunzi anayekaa miaka miwili akichora skrini bila kumwona hata mtu mmoja akizitumia hujenga mazoea ambayo muhula mmoja wa utafiti hauwezi kuyavunja, kwa sababu anakuwa amezoea kuamini macho yake mwenyewe. Siku atakapotumwa kuwahoji watumiaji, atawahoji ili wamthibitishie kile alichokwisha kukichora. Ushauri wangu wa kwanza, ambao ningeomba muushike hata kama mengine yote mtayaacha, ni kwamba mwanafunzi akutane na mtumiaji halisi katika wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza, na baada ya hapo usipite muhula wowote bila kukutana naye tena.

Fani hii tangu ilipoanza kuandikiwa mitaala ilimweka mtumiaji katikati. Mwaka 1992 kikundi cha SIGCHI cha chama cha wanakompyuta cha ACM kilitoa mapendekezo ya mitaala ya mahusiano kati ya binadamu na kompyuta, na kikaieleza taaluma hiyo kuwa inahusu kusanifu, kutathmini na kutekeleza mifumo ambayo binadamu anaitumia, pamoja na kuchunguza mambo yanayoizunguka. Mwaka uliofuata Don Norman, mtaalamu wa saikolojia na usanifu, alijiunga na kampuni ya Apple akiwa na cheo chenye maneno "uzoefu wa mtumiaji" ndani yake, akitaka jina linalobeba zaidi ya skrini peke yake. Leo kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-210 kinaieleza kazi hiyo kama mzunguko: unaelewa mazingira ya matumizi, unabainisha mahitaji, unatoa suluhisho, unalitathmini pamoja na watumiaji, kisha unarudi pale ambapo tathmini imekuonyesha kuwa ulikosea. Rasimu yenu imeukata mzunguko huo vipande vipande na kukipa kila kipande muhula wake, na hilo nadhani ndilo lililokukera bila kulipatia maneno. Mzunguko mzima unapaswa kufanyika kila muhula, kwanza kwa jambo dogo sana, kisha kwa jambo kubwa zaidi, mpaka mwanafunzi aukamilishe pasipo kukumbushwa hatua inayofuata.

Niruhusu nieleze kwa undani zoezi moja la wiki ya kwanza, maana mtaala hueleweka vizuri zaidi kwenye zoezi kuliko kwenye jedwali la kozi. Mwanafunzi aende kwa jirani anayenunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, aombe ruhusa, kisha akae kimya na kutazama. Tokeni ina tarakimu 20. Ujumbe uko kwenye simu na vitufe viko ukutani, kwa hiyo mtumiaji husoma tarakimu chache, huinua macho, hubonyeza, hurudi kwenye simu, na mara nyingine hukuta skrini imezimika. Mwanafunzi aandike alichokiona: mtumiaji alisita wapi, alirudia kusoma kundi lipi, alizitaja tarakimu kwa sauti au alimwita mtoto amsomee, na alipokosea alijuaje kuwa amekosea. Darasani ndipo maswali yaulizwe. Je, tarakimu zilizogawanywa kwa makundi ya nne nne zinasomeka tofauti na zilizounganishwa? Mita inasema nini inapokataa tokeni, na je, maneno hayo yanamweleza mtu afanye nini? Hapo somo la kumbukumbu ya muda mfupi, ambalo katika rasimu yenu limewekwa mwaka wa pili kama mhadhara, linaingia likiwa na sura ya jirani aliyepoteza hesabu kwenye tarakimu ya kumi na tatu.

Zoezi hilo lina hatua ya pili ambayo historia ya karibuni imetupatia. Mita za namna hii, zinazofuata kiwango cha kimataifa cha tokeni za umeme, huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na hesabu yake ilikuwa ifike ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Ili mita zisikatae tokeni mpya baada ya hapo, wateja wa Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi walitakiwa kuingiza kwanza tokeni mbili za marekebisho, kila moja ya tarakimu 20, ndipo waingize tokeni ya umeme walioununua. Mpe mwanafunzi kazi hii: andika ujumbe mmoja wa simu utakaomwongoza mtu mzima asiyewahi kusikia habari hiyo. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160. Tarakimu ni 60. Ukizigawa kwa makundi ya nne nne unahitaji nafasi 12 ndani ya tokeni hizo tatu. Zinabaki herufi 88 za kueleza ni ipi inatangulia, ni ipi inafuata na kwa nini. Mwanafunzi aliyepambana na herufi 88 kwa jioni nzima, kisha akaupeleka ujumbe wake kwa mtu asiyemjua na kuona umesomwa vibaya, amejifunza maana ya usanifu kuliko aliyehudhuria mihadhara kumi kuhusu historia yake.

Sasa nije kwenye mpangilio wa miaka. Utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania unataka shahada ya kwanza ya miaka mitatu iwe na krediti zisizopungua 360, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ikiwamo kazi anayoifanya nje ya darasa. Ninapendekeza theluthi moja ya krediti hizo, yaani 120, ziwe uti wa mgongo wa programu: mradi mmoja wa krediti 20 katika kila muhula kwa mihula yote sita. Krediti 20 ni saa 200, nazo zinatosha kwenda kwa watumiaji, kurudi, kuchora, kuvunja na kuchora upya. Kozi nyingine zote zipangwe zikiuhudumia mradi wa muhula husika. Mwaka wa kwanza mradi uwe wa mtumiaji mmoja na kazi moja, kwa karatasi tu. Mwaka wa pili uwe wa huduma yenye watu wengi wanaotegemeana, kwa mfano mapokezi ya hospitali, ambako mgonjwa, muuguzi na mhasibu wanatumia mfumo mmoja kwa haja tofauti. Mwaka huo ndio wa takwimu, wa uandishi wa programu za sehemu inayoonekana, na wa ufikivu kwa watu wenye ulemavu. Mwaka wa tatu mradi uwe na taasisi mwenza kwa mihula yote miwili, na mafunzo kwa vitendo yaungane nao badala ya mwanafunzi kupelekwa mahali asikopewa kazi yoyote ya fani yake.

Kuna vitu vya kupunguza. Kozi tatu za programu za kuchorea zibaki moja, na sababu yake nimeieleza katika jibu la barua ya tatu. Nadharia ya rangi ibaki, ila isifundishwe kana kwamba kila skrini hutazamwa chumbani kwenye kivuli: mwongozo wa ufikivu wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na mwanafunzi anayeishi Dodoma apime skrini yake akiwa nje saa saba mchana kabla ya kudai kuwa rangi ya kijivu imependeza.

Kabla ya haya yote, kaeni mwandike ukurasa mmoja unaoeleza mhitimu wenu ataweza kufanya nini. Kwa mfano, ataweza kutofautisha alichokisema mtumiaji na alichokifanya. Ataweza kutoa masuluhisho matatu yaliyo tofauti kweli na kueleza kwa nini ameyaacha mawili. Ataweza kusoma programu iliyoandikwa kiasi cha kuzungumza na mwandishi wake bila kudanganywa na bila kumwonea. Kila kozi iliyomo kwenye rasimu ipimwe kwa ukurasa huo, na isiyohudumia sentensi yoyote iondolewe hata kama mwalimu wake ni mkuu wa idara. Ninajua ugumu wa jambo hili. Mitaala mingi huharibikia hapa, pale ambapo kozi zinabaki kwa sababu zina wenyewe.

Kuhusu wadau, mradi wa HEET wa kuendeleza elimu ya juu, ulioanza mwaka 2021, umevisukuma vyuo vikuu vya umma nchini kuhuisha mitaala na kuwashirikisha waajiri kupitia kamati za ushauri. Tumieni fursa hiyo, lakini msiishie kwa waajiri. Katika kikao cha wadau mwalikeni wakala wa fedha za simu, muuguzi wa mapokezi na mtu asiyeona anayetumia simu yenye kusoma skrini kwa sauti, na muwaulize ni nini kinachowasumbua katika vifaa wanavyotumia kila siku. Pia msiiandike programu hii peke yenu kama idara ya kompyuta. Mtu mnayemhitaji zaidi ni mwalimu wa sosholojia au saikolojia anayejua kufundisha kuhoji na kutazama, na mtu huyo tayari yumo chuoni, katika ndaki ya jirani.

SWALI: Ninafundisha kozi moja ya usanifu wa violesura kwa wanafunzi zaidi ya 130. Kanuni za chuo zinataka mtihani wa mwisho ubebe asilimia 70 na kazi za muhula asilimia 30. Nikitoa mradi, napokea skrini nzuri zinazofanana, na sasa akili mnemba inawatengenezea skrini hizo kwa dakika chache. Nisahihishe nini?
*Mhadhiri, Mombasa*

JIBU: Sahihisha sababu. Skrini iliyokamilika haijawahi kuwa ushahidi mzuri wa kujifunza, hata zamani kabla ya akili mnemba, kwa kuwa mwenye mkono mzuri alipata alama hata kama hakumjua mtumiaji wake. Ukiitoa skrini kwenye kiti cha mbele, unabaki na mambo ambayo mashine haiwezi kuyashuhudia kwa niaba ya mwanafunzi: alikwenda kwa nani, aliona nini, alibadilisha nini kutokana na alichokiona, na aliacha nini.

Kwa vitendo, mtake kila mwanafunzi atunze mkoba wa kazi wenye michoro yote, ikiwamo iliyotupwa, kila mchoro ukiwa na tarehe na sentensi mbili za sababu. Katika vigezo vyako vya kusahihisha, tenga alama nyingi kwa badiliko lililofanywa kutokana na ushahidi. Wanafunzi wengi huficha matokeo yanayopingana na wazo lao wakiogopa kupoteza alama, na vigezo vyetu vya kawaida ndivyo vinavyowafundisha woga huo. Wasimulie habari ya M-Pesa. Jaribio lake la mwaka 2005 nchini Kenya lilihusu wateja wa mikopo midogo kulipa marejesho yao kwa simu; watu wakaanza kulitumia kwa mambo yao wenyewe, ikiwamo kutumiana fedha, na wahusika wakakubali kufundishwa na walichokiona. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma fedha nyumbani ndiko kulikokuwa wito wake. Kama kundi lile lingekuwa darasani na kusahihishwa kwa kigezo cha kufuata pendekezo la awali, lingefeli.

Kuhusu wingi wa wanafunzi, wagawe katika makundi ya watu kumi au kumi na wawili, na kila wiki nusu ya makundi yawe na kikao cha kukosoana kazi. Kikao cha kukosoana kinahitaji kanuni, la sivyo kinageuka kuwa sifa au matusi. Kanuni ninazozipendekeza ni mbili: mkosoaji aseme mtumiaji gani atakwama na akwamie wapi, na mwenye kazi asijitetee mpaka mkosoaji amalize. Huna haja ya kuwepo katika kila kikao. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaweza kuvisimamia na kupewa alama kwa usimamizi huo. Wewe tenga muda wa kumhoji kila mmoja dakika tano mwishoni mwa muhula, ukifungua mkoba wake popote na kumuuliza kwa nini mchoro huu uliachwa. Kwa wanafunzi 130 hizo ni takriban saa 11, pungufu ya muda unaotumia kusahihisha karatasi zao.

Asilimia 70 ya mtihani nayo si kikwazo kikubwa kama inavyoonekana, kwani kanuni inataja uzito wa mtihani na mara nyingi haitaji sura yake. Wape wanafunzi maandishi ya jaribio la mtumiaji, kurasa mbili za alichosema na alichobonyeza, kisha watake wabaini matatizo, wayapange kwa uzito na wapendekeze la kufanya kwanza. Mtihani wa namna hiyo unasahihishika, mtahini wa nje anauelewa, na hauwezi kujibiwa kwa kukariri.

Kuna tahadhari mbili kuhusu namba, maana wanafunzi wetu hupenda namba zinazoonekana za kisayansi. Ya kwanza ni dodoso la SUS la kupima urahisi wa kutumia mfumo, lililotungwa na John Brooke mwaka 1986, lenye kauli 10 na matokeo ya kuanzia 0 hadi 100. Matokeo yake si asilimia; wastani wake unakadiriwa kuwa kama 68, kwa hiyo mwanafunzi anayetangaza kwamba mfumo wake "umefaulu kwa 60" amepata chini ya wastani bila kujua. Ya pili ni ile kauli kwamba watumiaji watano wanatosha kuujaribu mfumo. Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba ikiwa kila mtumiaji kwa wastani anafichua takriban asilimia 31 ya matatizo, basi watano watafichua kama asilimia 85. Hesabu hiyo inategemea wastani huo, na inategemea watumiaji kuwa wa aina moja. Wanafunzi watano wanaolala bweni moja wakijaribu mfumo uliokusudiwa kwa wavuvi wa Lamu si watumiaji watano. Kwa kazi hiyo, hakuna hata mtumiaji mmoja aliyepatikana.

SWALI: Chuo chetu ni kidogo, maabara ina kompyuta chache na intaneti hukatika. Tufundishe programu ipi ili wahitimu waajirike?
*Mkufunzi, Mbeya*

JIBU: Fundisheni karatasi kwanza, kisha programu moja tu, na mtaala usiitaje kwa jina. Kampuni ya InVision, ambayo miaka michache iliyopita ilitajwa katika kila tangazo la kazi ya usanifu, ilifunga huduma zake mwishoni mwa mwaka 2024. Adobe nayo ilisitisha uendelezaji wa XD mwaka 2023. Mtaala huchukua muda mrefu kupita bodi ya kitivo, seneti na tume, na ukiandikwa kwa jina la programu unaweza kuidhinishwa wakati programu yenyewe imekwishazikwa. Andikeni kwamba mwanafunzi ataweza kutengeneza kielelezo kinachobonyezeka na kumkabidhi mwandishi wa programu vipimo vyake, kisha mwalimu wa mwaka husika achague. Kwa hali yenu, Penpot ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inaweza kusimikwa kwenye kompyuta moja ya chuo ili wengine waifikie kwa mtandao wa ndani hata intaneti ikikatika.

Pia msidharau simu zisizo janja. Menyu za USSD, zile zinazofunguka kwa nyota na reli, hubeba herufi 182 kwa ukurasa na hujifunga mtu akichelewa kujibu. Huwezi kujificha nyuma ya picha wala rangi; kinachobaki ni mpangilio wa chaguo na uteuzi wa maneno. Sijui mazoezi mengi yanayomfundisha mwanafunzi kupanga taarifa kwa ukali kama hilo, na halihitaji maabara, kwani kitochi kimoja na kalamu vinatosha.

SWALI: Wanafunzi wangu huwarekodi watu kwa video wakati wa majaribio na kuzisambaza katika kundi la darasa. Je, kuna tatizo?
*Mwalimu, Nairobi*

JIBU: Lipo, na ni la kurekebisha wiki hii. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sura na sauti ya mtu ni taarifa zake. Kabla ya jaribio mtu aelezwe, kwa lugha anayoizungumza, kwamba kinachopimwa ni mfumo na si yeye, kwamba anaweza kuacha wakati wowote bila kutoa sababu, ni nani ataitazama video na lini itafutwa. Ridhaa ya kuhojiwa isichukuliwe kuwa ridhaa ya kurekodiwa. Katika majaribio ya fedha za simu, mwanafunzi asirekodi kamwe mtu akiingiza namba yake ya siri wala asitumie akaunti halisi ya mtu. Video nyingi hazina hata ulazima, kwa kuwa mwanafunzi wa pili mwenye daftari anatosha. Mambo haya yafundishwe ndani ya mradi wa muhula wa kwanza kabisa, na fomu ya ridhaa iwe sehemu ya kazi inayosahihishwa, ili maadili yasisubiri kozi ya peke yake ya mwaka wa tatu wakati mazoea yamekwisha kukomaa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Je, lugha yetu ina nafasi yoyote katika mtaala wa fani hii, au tutaitwa tu kutafsiri maneno mwishoni?
*Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Nafasi ipo, na ni kubwa kuliko kutafsiri. Juhudi za kuzivika programu lugha yetu zina historia: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, na mwaka 2009 Facebook ikaanza kupatikana kwa Kiswahili. Ila mara nyingi lugha huitwa kazi ikiwa imekwisha, wakati masanduku yamekwisha kuchorwa na maneno yanalazimishwa kutosha humo.

Chukua mfano wa saa. Abiria anaambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na mfumo wa tiketi unamwonyesha 06:00. Anayezoea mifumo hugeuza kichwani bila kufikiri. Asiyezoea husoma saa sita, na saa sita anayoijua yeye ni mchana au usiku wa manane. Ukiandika "saa 2:00" bila neno jingine, wasomaji wawili wataelewa nyakati mbili zinazoachana kwa saa sita. Tatizo hilo halitatuliwi na mfasiri. Ni uamuzi wa kiusanifu unaohitaji kujaribiwa: je, tuandike saa kwa maneno, tuongeze asubuhi na jioni, tuonyeshe zote mbili, au tumwache mtumiaji achague? Ningependa kuona kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisanifu fomu ya miadi ya kliniki na kuijaribu kwa mama mwenye mtoto mchanga, maana akikosea hapo mama atafika kliniki imefungwa.

Upatanisho wa kisarufi nao huvunja mifumo mingi. Mwandishi wa programu hutunga kiunzi kimoja chenye namba, jina la kitu na neno "mpya", akiamini kitafaa popote. Kinafaa kwa "picha 3 mpya", kisha kinatoa "vitabu 3 mpya" na "mafaili 3 mpya". Mwalimu wa Kiswahili akiwamo darasani mapema, wanafunzi watajua kuandika sentensi nzima kwa kila ngeli badala ya kuunganisha vipande, na watajua kwamba Kiswahili cha mtumiaji wa Lubumbashi au Mombasa kinaweza kuchagua neno tofauti na la Dar es Salaam kwa kitufe kilekile, hivyo maneno ya menyu yajaribiwe kama michoro inavyojaribiwa.

Lililo muhimu zaidi ni ripoti. Wanafunzi wetu huwahoji watu kwa Kiswahili na kuandika matokeo kwa Kiingereza, na katika kuvuka huko sauti ya mtumiaji hupotea. Mtu aliyesema "hapa limenigomea, nikaona niache tu nisije nikaharibu" anaandikwa kuwa alipata ugumu wa kuendelea, na hofu yake ya kuharibu, ambayo ndiyo habari kuu, haimfikii tena mbunifu. Pendekeza katika kikao cha mtaala kuwe na kanuni kwamba maneno ya mtumiaji yanukuliwe katika lugha aliyoyasemea, kwamba tafsiri ifuate chini yake pale mtahini anapoihitaji, na kwamba kila kundi la mradi liwe na msimamizi mmoja anayeweza kuyasoma maneno hayo. Kazi ya msimamizi huyo ihesabiwe katika mzigo wake wa kufundisha, na wewe uwe wa kwanza kujiandikisha.